Kipepeo wa Uani: Mwongozo wa Kuipima Picha Yake

Miongoni mwa sanaa zinazojifanya nyepesi ilhali si nyepesi, sijui kama iko inayompumbaza mtazamaji kuliko hii ya kupiga picha za vipepeo na viumbe wengine wadogo katika bustani ya nyumbani. Kwani kipepeo ni mzuri kwa maumbile yake, na uzuri huo hupenya hata katika picha mbovu, hata mtu asiye na mazoea ya kutazama akadhani ameisifu kazi ya mpiga picha, kumbe alichokisifu ni kazi ya Mola. Nia yangu katika makala haya ni kumpa msomaji mizani ya kuzitenga sifa hizo mbili, ili siku atakapoletewa picha ya kipepeo aliyetua juu ya mrehani aweze kusema, bila kuona haya wala kubabaika, ni lipi fungu la kipepeo na ni lipi fungu la fundi.

Nazungumza juu ya ua ninaoujua: ua wa nyumba ya kawaida mjini Tanga, wenye mdimu mmoja mkongwe, mstafeli, migomba mitatu karibu na bomba la maji, kichaka cha asumini, na mrehani uliojiotea wenyewe penye ufa wa saruji. Hakuna mtu angeuita bustani ya fahari; walakini una wageni wake wasiokatika. Mdimuni huzaliwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano yaliyopauka, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Mstafeli huwalea watoto wa jamaa zake wa ukoo wa Graphium. Penye maua ya mgomba huja chozi kunywa asali. Majanini hutambaa kinyonga. Ukutani, karibu na taa, mjusi kafiri huvizia nondo. Na usiku ukiingia komba hulia juu ya mwembe wa jirani kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake. Mwenye viumbe hawa mlangoni pake hana haja ya kufunga safari, na hapo hapo ndipo hesabu yake inapokuwa ngumu, kwa sababu hana udhuru wa mgeni.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani C. G. Schillings alizunguka nyika za Umasaini na pande za Kilimanjaro akipiga picha za wanyama usiku kwa mwanga wa unga wa magnesi, punda na ng'ombe wamefungwa kuwa chambo cha simba, na kitabu chake Mit Blitzlicht und Büchse, kilichotoka mwaka 1905, kiliwastaajabisha watu wa Ulaya, ambao wengi wao hawajapata kuona taswira ya simba wa porini aliye katika shughuli zake za usiku. Ukizitazama picha zile leo utaona nyingi zina ukungu, nyingine zimekatika vibaya, nyingine mnyama amegeuka amekupa mgongo. Na bado twazisamehe, kwa kuwa fundi alikuwa na nafasi moja, katika giza, mbele ya hatari. Mpiga picha wa uani hasamehewi hivyo. Kipepeo wa mdimu aliyemkosa leo saa mbili asubuhi atarudi kesho saa mbili asubuhi, na kesho kutwa. Basi picha aliyoamua kutuonyesha ni ile aliyoichagua mwenyewe kati ya nafasi mia, nasi tuna haki ya kuuliza kwa nini kaichagua hiyo.

Desturi yangu nikipewa picha ni kuanza na jicho la kiumbe, kisha nishuke miguuni, kisha nipande mabawani, na rangi niiache mwisho kabisa, kwani rangi ni mlaghai na humwahi mtu kabla akili haijafika.

Jicho la kipepeo halina mboni kama la mwanadamu. Ni maelfu ya vijicho vilivyoshonwa pamoja, na likipatikana sawasawa huonekana kama kitambaa cha hariri nzito chenye mng'ao wa ndani. Kulipata ni kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kamera ikisogezwa karibu hata mdudu aandikwe ndani yake kwa ukubwa wake wa kweli, na tundu la lenzi likabanwa hata f/8, unene wa sehemu itakayotoka bayana hauzidi takriban milimita moja. Kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake chaanza kuyeyuka. Fundi basi amepewa utajiri wa milimita moja, na namna anavyoutumia ndiyo inayomfichua. Asiyejua huutupa juu ya ukingo wa bawa, kwa kuwa bawa ndilo kubwa na ndilo lenye nakshi. Anayejua huuweka juu ya jicho, kisha akazunguka polepole, hatua kwa hatua, mpaka bawa lililofungwa lilingane na uso wa kamera yake kama mlango unavyolingana na fremu, na hapo milimita ile ile moja humpa jicho, kifua na bawa zima kwa pamoja. Picha ya namna hii utaijua mara uionapo, hata kama huwezi kueleza kwa nini: macho yako hayahangaiki kutafuta pa kushika. Ikiwa jicho limefifia na bawa liko wazi, irudishe kwa mwenyewe kwa upole; sijapata kuona sifa nyingine iliyolipa deni hilo.

Kuna ila moja ya ukungu ambayo kwangu si ila. Kipepeo wa mdimu anapokunywa katika ua hatui akatulia kama wengine. Hulishika ua kwa ncha za miguu na kuyapigapiga mabawa ya mbele muda wote, kana kwamba haliamini ua lile kumbeba. Mpiga picha mwenye shauku ya kusifiwa huiweka kamera kwenye sehemu ya 1/2000 ya sekunde, akapata mabawa yaliyoganda kama yamechongwa kwa bati. Mwingine huchagua mwendo wa polepole zaidi, 1/250 hivi, jicho na kifua vikatulia lakini ncha za mabawa zikabaki na wingu jembamba la mtikisiko. Waamuzi wengi humpa ushindi wa kwanza. Mimi humpa wa pili, maana amenionyesha jambo ambalo ni la kipepeo huyu hasa. Kwa sharti tu kwamba jicho liwe limetulia. Maana kama jicho nalo limecheza, hiyo ni picha iliyocheza na hakuna falsafa ya kuiokoa.

Kisha hesabu miguu. Kipepeo wa mdimu husimama kwa miguu sita. Lakini yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, Danaus chrysippus, ambaye kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, husimama kwa minne tu, kwa kuwa ile miwili ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani. Mhakiki asiyejua hili atamlaumu fundi bure kwa kupoteza miguu miwili. Anayejua ataendelea kuuliza lililo zito zaidi: je, kucha zimelikamata ua? Kiumbe aliye hai hujishikiza. Jani hulemaa kidogo chini yake, unyuzi wa ua huinama, na mguu mmoja aghalabu huwa umevutwa zaidi kuliko mwenzake kwa sababu upepo unavuma upande huo. Miguu iliyolazwa juu ya ua bila kulishika ni kama nahodha aliyesimama katika jahazi bila kushika kitu siku ya mawimbi: ama jahazi liko nchi kavu, ama nahodha ni sanamu.

Hapa sina budi kusimulia aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika mashindano madogo ya picha za vijana, na katika zilizoletwa palikuwa na moja iliyotuteka sote: kipepeo wa mdimu juu ya waridi jekundu, mabawa yametandazwa yote manne, jicho kali, matone ya umande yameng'aa mgongoni kama lulu. Tulimpa zawadi ya kwanza bila mjadala. Alipokuja kuipokea, yule kijana akanieleza kwa unyoofu kabisa, akidhani ni ufundi wa kusifiwa, kwamba kipepeo alilala usiku kucha ndani ya friji ya mama yake, kando ya maziwa, ili apoe asiruke, kisha akawekwa juu ya waridi na kunyunyiziwa maji kwa chupa ya kunyooshea nguo. Mkubwa mmoja wa kazi hiyo ndiye aliyemfundisha. Sikumwambia neno, nilirudi nyumbani nikaitazama picha tena, na alama zote zilikuwapo, zinanicheka. Miguu imelazwa. Mrija wa kunywea, ambao kwa kipepeo aliyepumzika huwa umekunjwa vizuri chini ya kichwa kama kamba juu ya sitaha, ulikuwa umelegea nusu nje. Matone yalikuwa mviringo, makubwa, yaliyolingana, tena chini ya jua lililokwisha kuwa utosini, saa ambayo umande wa Tanga ulikwisha kukauka zamani. Na mabawa! Mabawa yale yalikuwa yamesema kila kitu, ila sisi hatukusikia.

Katika makabati ya makumbusho kipepeo hutandazwa kwa pini, mabawa ya mbele yakavutwa juu hata ukingo wao wa nyuma ukafanya pembe mraba na kiwiliwili, ili mtaalamu azione alama zote, pamoja na zile za bawa la nyuma ambazo zingefichika. Ni mkao wenye manufaa kwa elimu. Umeenea katika stempu, katika vitabu vya watoto, katika nembo za maduka na hata katika vitambaa vya mezani, mpaka watu wengi wakaamini kwamba ndivyo kipepeo akaavyo. Lakini kipepeo aliye hai anapoyafungua mabawa kulipokea jua, aghalabu bawa la mbele huteremka likalifunika la nyuma kwa sehemu, na umbo zima hulegea mabegani mithili ya mtu aliyekaa barazani baada ya chakula cha mchana. Mwenye kuyajua hayo hahitaji kupekua friji ya mtu. Akiona picha ambayo kipepeo amenyanyua mabawa ya mbele hata kichwa kikazama kati yao, na bawa la nyuma liko wazi lote kama jamvi, na ajue kuwa huenda anatazama maiti, au mgonjwa.

Tangu siku ile nimeshika kanuni moja ambayo naiona ndiyo kiini cha uhakiki wa sanaa hii: kila picha ya kiumbe ni shahada juu ya mtu aliyeipiga, na kiumbe ndiye shahidi. Mtazame kiwavi wa mdimu. Akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, rangi ya udongo yenye bato jeupe, na kwa hila hiyo huponyoka macho ya shore na wengineo. Akikua huwa wa kijani kama jani lenyewe. Na akiguswa, kutoka nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini, za rangi ya moto, zenye harufu kali. Picha za pembe hizi hupendwa mno. Lakini ukiziona, jua kwamba kitambo kidogo kabla ya hapo pana kitu kilichomgusa, na kama hapana nyigu wala mdomo wa ndege katika picha, basi ni kijiti cha mpiga picha. Kadhalika kinyonga wetu wa bustanini: anapostarehe huwa wa kijani, mwembamba kama jani lililokunjwa, jicho moja linatazama mbele na jingine nyuma, anapochokozwa hujivimbisha, huinua vile vikunjo vya ngozi vilivyo nyuma ya kichwa chake, rangi yake hutiwa giza, na kinywa hukifungua akapumua kwa ukali kama nyoka. Kinyonga mwenye kinywa wazi hushangiliwa na watoto, na mimi sikatai kwamba ni wa kutisha kwa namna ya kuchekesha. Ila nikipewa picha mbili, moja ya ghadhabu na moja ya kinyonga anayepima kwa utulivu umbali wa panzi ambaye ulimi wa kinyonga, mrefu kuliko kiwiliwili cha mwenyewe, utamfikia punde, nitakaa na hiyo ya pili mpaka chai ipoe.

Nuru nayo ina mambo yake. Tanga iko takriban digrii tano kusini ya Ikweta, na katika mji wa namna hii jua halipandi bali huruka; saa nne asubuhi limekwisha kuwa kali, saa sita limesimama kichwani, na picha zipigwazo baina ya saa hiyo na alasiri huwa na weupe ulioungua juu ya mabawa na weusi usio na kitu chini yake. Wakati mwema ni tangu saa moja na nusu hata saa tatu, ambapo kipepeo mwenyewe, asiyeweza kuruka vema kabla misuli ya kifuani haijapata joto, huwa bado anaota jua na hana haraka. Nuru ya saa hiyo huingia ubavuni, ikayainua yale magamba madogo ya mabawani, ambayo ukiyashika hubaki vidoleni kama vumbi, hata ukaona kwamba bawa limeezekwa mithili ya paa la vigae. Baada ya masika, mbingu ikiwa na wingu jepesi kama shashi lililotandwa juu ya taa, waweza kupiga hata adhuhuri. Kwa hiyo nikiona picha, hujaribu kuisoma saa yake. Na kama saa inasomeka bila kuulizwa, tayari nina heshima kidogo kwa mwenyewe.

Kinyume chake ni ile desturi, iliyoshamiri siku hizi, ya kumweka mdudu wa mchana juu ya weusi mtupu. Si uchawi. Mwanga wa taa ya kamera hupungua upesi, umbali ukizidi mara mbili nguvu yake hubaki robo. Basi mpiga picha akibana tundu la lenzi na kuiwasha taa karibu na kipepeo, kipepeo hung'aa na kila kilicho nyuma yake, mdimu, ukuta, mbingu ya asubuhi, huzama gizani. Matokeo yake ni kipepeo apendaye jua kuliko viumbe wote, amesimama usiku wa manane. Kwa nondo nakubali, kwa kuwa usiku ni wake. Kwa komba pia, ijapokuwa macho yake yakirudisha taa yakawa kama makaa mawili ya moto, picha hiyo imeharibika, na dawa ni kuitenga taa mbali na lenzi. Lakini kwa kipepeo wa mchana weusi huo ni kama kumvika bwana harusi sanda.

Na katika nuru hiyo hiyo pana mtihani mmoja ambao ni wachache wanaoufaulu, nao ni chozi dume. Rangi ya koo lake haikutiwa kama rangi inavyotiwa katika nguo. Hutokana na umbo la manyoya lenyewe, linalorudisha nuru kwa pembe maalumu tu, hata akigeuza shingo kidogo johari yote huzimika akawa mweusi kama sufuria ya kuni. Wapiga picha wengi hungoja mpaka koo lote liwake, na programu za kompyuta humalizia palipobaki. Picha ninayoitukuza ni ile ambayo nusu ya koo imewaka na nusu imezimika, kwa sababu hiyo imelikamata lile ambalo mtu aliyesimama penye mgomba huliona kweli: rangi inayokuja na kwenda. Vivyo hivyo kipepeo dume aitwaye Hypolimnas misippus, mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye pembezoni mwa mabaka hayo huchezacheza urujuani. Urujuani ule ukitoka sawasawa katika mabawa yote, kwa nguvu moja, uwe na shaka.

Jike lake, kwa bahati, hutupa njia ya kuipima sehemu ya picha ambayo waamuzi hawaisomi kamwe, yaani maandishi ya chini. Jike wa misippus hafanani na mumewe hata kidogo. Amejivika vazi la yule Danaus wa rangi ya chungwa, ambaye ndege humkwepa kwa ubaya wa ladha yake, na kwa ughushi huo hupita mbele ya adui kwa amani. Bustanini watu huwachanganya hao wawili kila siku. Lakini tazama katikati ya bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne, na jike wa misippus ana doa moja tu, karibu na ukingo wa juu. Mpiga picha aliyekaa na kipepeo nusu saa na asihesabu madoa yake ameniambia, bila kukusudia, alikuwa akitazama nini nusu saa ile.

Juu ya vyombo sitasema mengi. Lenzi ya makro ya milimita 100 humruhusu mtu asimame mbali kidogo, asimtishe kiumbe, na ni chombo chema. Simu ya mkononi humlazimisha asogee karibu, lakini kwa udogo wa kihisio chake huonyesha kwa uwazi vitu vingi zaidi mbele na nyuma, basi hufaa kwa picha ya kipepeo pamoja na makazi yake. Nimeona picha tukufu za simu na picha duni za lenzi iliyogharimu bei ya pikipiki. Anayewafuga vipepeo huwapita wote wawili. Kule Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu mwaka 1993 uko mradi uitwao Kipepeo, ambao kwa huo wakulima majirani wa msitu hulea viwavi na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho ya ng'ambo. Na mtu aliyelea namna hiyo, hata kama ni kiwavi mmoja juu ya mdimu wake, hujua kwamba pupa inapoanza kuwa nyeusi na nakshi za mabawa kuonekana ndani yake, ni muda wa kuamka alfajiri. Picha ya kipepeo aliyetoka sasa hivi, mabawa yamejikunja kama kanzu iliyotolewa majini, ananing'inia akingoja yanyooke na kukauka, haipatikani kwa bahati. Ukiiona, umemwona mtu aliyeamka. (Na kama mdimu wake una maji moto, wale siafu wekundu washonao majani kuwa viota, basi umemwona pia mtu aliyevumilia mengi shingoni.)

Sasa nyuma ya kiumbe. Hapa natofautiana na walimu wengi wa sanaa hii, ambao husema nyuma ya picha pawe pasafi, rangi moja laini, pasiwe na kitu cha kuyavuta macho. Kwa picha ya msituni sawa. Lakini mtu anapodai kwamba amepiga katika bustani ya nyumbani kwake, nataka niione nyumba: pembe ya ndoo, kamba ya kuanikia, kivuli cha msumari wa mlango juu ya chokaa. Hayo yawe mbali na yafifie, yasigombanie nafasi na jicho la kipepeo, walakini yawepo; vinginevyo picha ingeweza kupigwa popote duniani na yeyote, na ujirani wote ambao ndio mtaji wa pekee wa mpiga picha wa uani umefutwa kwa makusudi.

Mwisho rangi, kama nilivyoahidi. Ichukue picha iliyochapwa, si ya kwenye kioo cha simu ambacho hukirembesha kila kitu, uende nayo bustanini, uiweke kando ya jani la mdimu. Jani la mdimu ni kijani cheusi chenye mng'ao wa mafuta. Kama jani la pichani ni kijani cha kasuku, yote yaliyomo yametiwa chumvi, na manjano ya kipepeo, ambayo kwa haki ni rangi ya samli iliyoganda, yatakuwa yamegeuka limau. Sina ugomvi na programu za kurekebishia. Hata wazee wa chumba cha giza walijua kuchelewesha karatasi katika dawa wapate weusi waliotaka. Ugomvi wangu ni na mtu asiyerudi mdimuni kulinganisha.

Ipo picha moja ambayo kwa miaka sasa nimekuwa nikiitumia kujipima mimi mwenyewe. Aliipiga bibi mmoja wa mtaani kwetu, kwa simu yenye ufa, penye bomba la maji: vipepeo wa rangi ya maziwa yenye manjano kidogo, wale ambao viwavi wao hula majani ya mikasia, wamekusanyika juu ya mchanga uliolowa, wanafyonza chumvi iliyoachwa na maji ya kufulia. Nimewahesabu ni tisa. Mmoja tu ndiye jicho lake liko wazi, aliye mbele. Waliobaki wanaingia katika ukungu mmoja baada ya mwingine. Wote wamefunga mabawa na kuyalaza upande mmoja, kama majahazi yaliyoegeshwa maji yakiwa yamekupwa. Pembeni yaonekana nusu ya beseni la bluu, na ncha ya kandambili ya mpiga picha, na povu la sabuni ambalo halijakauka. Hakuna hata kipepeo mmoja aliyeinua miguu.

Nilipomwuliza alifanyaje hata wasiruke, alinitazama kama mtu aliyeulizwa namna ya kupumua, akasema, "Nilikuwa nafua, mwanangu. Wamenizoea." Nikamwomba nakala. Akanijibu nikae barazani kwanza, amalize kuanika.